Dhoruba Niliyoipa Tisa kwa Kumi

Mimi ni mwalimu wa sayansi hapa Siyu, mtu wa bara, na juzi nilijiaibisha mchana kweupe. Ili watoto waelewe hali ya hewa, niliwatungia mchezo: darasa likawa kituo cha utabiri, na mwanafunzi wangu Mwanaisha akatangaza dhoruba kwa kipaza sauti cha shule. Alitangaza vizuri hadi nikasisimka mwenyewe.

Punde nikaona akina mama wa harusi ya jirani wakivuka uwanja mbio, masufuria ya pilau mikononi, moja kwa moja hadi darasani. Kwa kuwa nilikuwa nimewaomba wazazi washiriki masomo, nilifurahi kupita kiasi. Niliwapigia makofi, nikaandika ubaoni: “Kundi la pilau, tisa kwa kumi.”

Bi Zuhura, mama wa bibi harusi, akajifuta jasho. “Mwalimu, hiyo dhoruba yaya, yatufikia saa ngapi?”

Nje jua lilikuwa kali. Ndipo nikakumbuka sikumwambia Mwanaisha aseme ni mchezo. Nikakiri kuwa hakuna dhoruba.

Bi Zuhura akatazama jua, akatazama pilau, kisha akavuta dawati akaketi.

“Haya, tufundishe. Lakini kwanza nambie, hiyo moja umetupunguzia kwa nini?”