Mchumba wangu amefunika mizani, na aliyemsifia ni mimi

Admin, naomba jina langu libaki kwako. Sumbawanga si kubwa, na anayenifahamu akisoma haya atanijua tu, lakini nisipoeleza yote hamtanielewa.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na tisa, naishi Milanzi. Nina kibanda cha kuchapa barua na kutengeneza kompyuta, hicho ndicho kinachonilisha. Ila kazi ninayojivunia hainiingizii hata senti. Natunza orodha mtandaoni, kwa Kiswahili, ya programu huria. Hizo ni programu ambazo aliyezitengeneza ameacha maandishi yake ya ndani wazi, mtu yeyote ayasome, ayarekebishe, azitumie bure. Kijana anayejifunza kutengeneza mfumo wa duka au wa zahanati anakuja pale, anakuta nimeshamchambulia zilizo nzuri pamoja na masomo ya kuanzia. Nilijiwekea masharti mawili: kinachoingia kiwe wazi, na kinachotolewa, sababu iandikwe hadharani. Siku ile nilijiona mjanja sana.

Baba aliichukia kabla hajaijua. Alikuwa karani wa chama cha ushirika kule Mwimbi, na kwake neno huria ni soko huria, lile lililomrudisha nyumbani akiwa na koti lake la kazi tu. "Mwanangu, huria naijua," aliniambia. "Walikuja wanunuzi na malori yao, mizani wameifunika turubai, unasomewa kilo bila kuziona. Ukiuliza unaambiwa, kama hutaki nenda kwa mwingine. Unaenda kwa mwingine, naye kafunika."

Nikamwambia, "Baba, hii yangu ni kinyume chake. Hii ni mizani isiyofunikwa. Ukitaka kuona ndani, unaona."

Akacheka. Tangu siku hiyo kwenye jumuiya ananitaja kama binti anayekagua mizani, na mimi kichwa kikawa kikubwa.

Mchumba wangu nilimpata kwenye orodha hiyohiyo. Alileta programu ya maduka ya pembejeo, nikaikataa kwa sababu sehemu moja alikuwa ameificha. Hakununa. Aliifungua, akairudisha, tukaanza kuandikiana. Kumbe yuko hapahapa mjini, kwao ni Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao. Nilipomtaja nyumbani, baba hakuuliza kabila, aliuliza ni mtu wa namna gani. Nikajibu kwa kujidai kabisa, "Ni mtu asiyefunika mizani." Baba hakutaka kusikia zaidi.

Ng'ombe wa mahari wameshafika, na mmoja ameshazaa. Matangazo ya ndoa yamesomwa kanisani mara mbili. La tatu ni Jumapili hii.

Sasa wiki iliyopita nilikuwa dukani kwa shangazi yangu, anauza mbolea na mbegu. Anatumia programu ya mchumba wangu kwa sababu mimi ndiye niliyemshauri. Kompyuta ilikuwa nzito, nikaikagua. Toleo jipya limefungwa, ndani hakusomeki tena. Nikafuatilia inachotuma mtandaoni, nikaona kila mkulima anaponunua mbolea, jina lake, namba yake ya simu na ukubwa wa shamba lake vinatumwa kwa mnunuzi mmoja wa mahindi. Mnunuzi anajua nani ana shamba kubwa lakini mwaka huu ameishia mfuko mmoja. Huyo hana pesa, ndiye atakayeuza kwa bei yoyote.

Nilimuuliza mchumba wangu. Hakukana.

"Mama, huria haijengi nyumba," alisema. "Yale mabati ya nyumba tunayojenga unafikiri yametoka wapi?"

"Basi nakutoa kwenye orodha."

"Na sababu utaandika nini? Kwamba mumeo ni mwizi? Orodha si unaishika wewe? Iache tu. Nani huko vijijini anasoma maandishi ya ndani?"

Alisema kwa upole, mkono wangu kaushika. Hajawahi kunifokea huyu mwanaume. Heri angenifokea.

Najua wengine mtasema programu ni programu, ndoa ni ndoa. Ndugu zangu, nampenda, naumwa kwa kumpenda. Nikiitoa na kuandika sababu, namvua nguo mbele ya watu, ndoa imekufa na ng'ombe warudi na ndama wao. Nikiitoa kimyakimya, vijana watauliza, na mfunika mizani nitakuwa mimi. Nikiiacha, shangazi anaendelea kuwauza wateja wake bila kujua. Masharti yanayonibana niliyatunga mwenyewe, hakuna wa kumlaumu.

Jana baba akapiga simu. Wakulima wa Mwimbi wameunda kikundi cha kuuza mahindi pamoja, na wamemchagua yeye karani, kwa mara ya kwanza tangu ushirika ufe. Sauti yake ilikuwa ya kijana.

"Mwanangu, Jumatatu njoo na mkwe mtuwekee programu yake. Wazee walikuwa na wasiwasi wa neno huria, nikawaambia hii siyo ile ya zamani. Mizani hii binti yangu mwenyewe kaikagua."

Nikajibu, "Sawa, baba." Nikakata simu.

Jumapili anakuja mjini kusikiliza tangazo la tatu. Atakaa benchi la mbele na lile koti lake la ushirika, na padri atasema mwenye kujua kizuizi aseme. Ninayekijua ni mimi, bibi harusi. Ukurasa wa kutoa programu nimeufungua hapa kwenye simu, jina la programu nimeshaliandika, pamebaki mahali pa sababu. Nishaurini ndugu zangu, ninyi hapo mngeandika nini?