Ushuhuda wa Shemeji

Mwaka mzima Sabina Mayala alilala na maneno ya mtu mmoja kifuani. Yalisemwa makaburini, mbele ya jeneza la mumewe, na shemeji yake Nathaniel aliyekuwa ameshika kipaza sauti: "Kaka yangu alikuwa amepona. Aliyemrudishia ugonjwa ni ulimi usioamini uliokuwa ndani ya nyumba yake."

Waombolezaji waligeuka wakamtazama mjane. Alikuwa mwalimu wa sekondari, mke wa nahodha wa kivuko cha Busisi, na watu wa aina yake hawagombani mbele ya kaburi lililo wazi. Alifunga kanga yake vizuri, akatupa udongo wake, akarudi nyumbani Ilemela na maneno yale kama mwiba wa samaki kooni.

Alexander alikuwa na presha. Kwa miaka mingi alimeza dawa zake kama alivyoendesha kivuko, bila mzaha wala kuruka siku. Alipostaafu, mdogo wake Nathaniel, mzee wa kanisa, akamchukua kwenda kuombewa, akamwambia kumeza vidonge ni kumtukana Mungu. Jumapili hiyohiyo akamsimamisha mbele, akampa kipaza sauti, na Alexander akashuhudia kwamba amepona.

Hapo ndipo alipojifunga. Mtu aliyeshuhudia mbele ya kanisa zima atamezaje tena vidonge? Mwanzoni alimeza kwa kujificha. Kisha aibu ikamzidi, akavitupa.

"Unataka nimfanye Mungu mwongo?" alimwuliza Sabina alipombembeleza.

"Mungu hakusema kitu, mume wangu. Uliyesema ni wewe."

Kiharusi kilimkuta bafuni asubuhi moja, na hakuamka.

Baada ya maziko, maneno ya Nathaniel yakapata miguu. Yalifika sokoni, yakafika kwa ndugu wa Sengerema, mwisho yakafika kwa mzee Chenge, ambaye mwanawe alikuwa amemchumbia Gladness, binti pekee wa Sabina. Mshenga alikuja kuuliza kwa adabu, akizungukazunguka, kama ni kweli mama alimtia baba nuksi. Sabina alimpa chai. Alipoondoka, Sabina alikaa akitazama ukuta. Mjane mwenye mvi akishapachikwa neno kama hilo Usukumani, alijua linavyoweza kuishia: kwa kuitwa mchawi, kisha kwa panga. Na binti wa mwanamke wa namna hiyo nani atamwoa?

Ijumaa, siku moja kabla ya ibada ya kumbukumbu ya mwaka, alipita Mkuyuni kununua sukari na mchele, akaingia duka la dawa la Mehjabeen, aliyekuwa mwanafunzi wake, kutafuta dawa ya mafua.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Biashara?"

"Tunasukuma. Mwalimu, kesho utaonana na mzee Nathaniel, si ndiyo? Mpelekee mfuko wake. Amenunua, akapokea simu, akaondoka mikono mitupu."

"Mfuko wa nini?"

"Dawa zake za presha. Yule mzee ni mfano, mwalimu. Tangu marehemu baba yangu anauza hapa, hajakosa mwezi hata mmoja."

Sabina aliupokea mfuko. Baba yake Mehjabeen alikuwa amefariki kabla ya Alexander kustaafu. Kwa hiyo siku ile Nathaniel alipompa kaka yake kipaza sauti, tumboni mwake mwenyewe mlikuwa na dawa ya asubuhi. Hakuwa mjinga, basi. Mjinga angesamehewa.

Njiani alijihoji, maana hakupenda kujidanganya hata akiwa na hasira. Alexander alikuwa mtu mzima. Mungu alimpa mwili mmoja kuutunza, akampa na akili ya kuutunzia, na hakuna aliyemfumba kinywa. Hesabu yake ameitoa mwenyewe huko aliko. Hilo Sabina alilikubali, ingawa lilimchoma. Lakini ulimi wa Nathaniel nao una mwenyewe.

Nyumbani alipiga magoti. Hakuomba moyo wa kusamehe. Aliomba mkono wake usitetemeke.

Jumamosi turubai lilifungwa nyumbani kwake mlimani, kati ya mawe makubwa ya uwanjani. Ndugu wa Sengerema walifika wali ukiwa tayari umeiva.

"Zamani mlisingizia kivuko," shangazi Paskazia aliwaambia. "Sasa daraja mnalo, na bado mnafuata harufu ya chakula tu."

Watu wakacheka. Mzee Chenge na mkewe waliketi safu ya mbele, karibu na Gladness. Baada ya sala Nathaniel alisimama na tai yake nyekundu, kipaza sauti mkononi. Alikuwa akitoka jasho, na kila mara alijisugua kisogo.

"Shemeji yangu Sabina," alisema, "leo wakwe wapo. Ungetubu kidogo mbele yao, tufunge jambo hili. Mwanamke kujishusha si aibu."

Sabina aliinuka, akaingia ndani, akarudi na sinia. Juu yake palikuwa na glasi ya maji na mfuko wa kaki. Akaliweka mbele ya Nathaniel.

"Nitatubu, shemeji. Ila jana ulisahau dawa zako za presha Mkuyuni. Meza kwanza, usije ukaanguka kabla sijamaliza."

Nathaniel alirudi hatua nyuma.

"Hizo si zangu."

"Basi nizimwage chooni." Akamgeukia mke wa Nathaniel. "Bernadeta, ni za mumeo au si zake?"

"Dada, jamani..."

"Nakuuliza wewe kwa sababu nguo nyeusi utavaa wewe. Nimeivaa, naujua uzito wake."

Bernadeta alimtazama mumewe, akatazama sinia. "Meza, baba Nkwabi. Tangu jana hujameza."

"Tangu jana?" Shangazi Paskazia alijisogeza mbele. "Na kabla ya jana?"

"Anameza kila siku, shangazi. Tangu zamani."

Nathaniel alijaribu kucheka. "Imani ya mtu ni siri yake."

"Siri yako ilikuwa dawa," Sabina alisema. "Imani uliitangaza kwa kipaza sauti. Mume wangu alikuwa na ugonjwa uleule. Ukamwambia vidonge ni kumtukana Mungu, kisha ukaenda kwako kumeza vyako mlango umefungwa."

"Sikumshika mkono azitupe."

"Hukumshika. Hilo lilikuwa lake, na amekwisha kulilipa. Mimi nadai langu. Waambie watu hawa kwamba ulichokisema makaburini ni uongo."

"Na nikikataa?"

"Dawa zipo mbele yako, hakuna aliyezishika. Ukizimeza wamekuona, ukiziacha wamekuona. Mimi naweza kungoja mpaka jioni. Sijui presha yako."

Nathaniel aliwatazama wazee wa ukoo. Hakuna aliyemtupia kamba. Akainua kipaza sauti.

"Nilichosema makaburini hakikuwa kweli. Kaka alikufa kwa kuacha dawa. Shemeji alimsihi asiache." Akaufungua mfuko wa kaki. "Mimi sikuziacha."

Alimeza. Maji mengine yalimwagika kwenye tai.

Mzee Chenge alikohoa. "Mama Gladness," alisema, "sisi tulikuja na swali. Sasa tunaomba chakula."

Gladness alienda kuwanawisha wakwe mikono. Sabina alimtazama mpaka alipowafikia, ndipo akaketi.

Jioni, Nathaniel alimkuta langoni akiwaaga wageni.

"Umeridhika, shemeji?"

"Bado. Kesho utayasema hayohayo kanisani kwenu. Kuna wengine uliowapa kipaza sauti, na majumbani kwao kuna wake zao."

"Utaniua, Sabina."

"Kukuua? Nataka uishi, shemeji. Uishi mpaka uzeeke sana, na kila asubuhi umeze mlango ukiwa wazi, na kila ukimeza umwone Alexander."

Nathaniel hakuagana. Alimshika Bernadeta mkono wakateremka mlima.

Asubuhi yake Sabina, ambaye hakuwahi kukanyaga kanisa lile, alifika kabla ya kwaya. Alichagua kiti cha mbele kabisa, mkabala na mimbari, akaweka mkoba mapajani, akangoja.