Nondo Niliowapita Kila Asubuhi

Nakumbuka, mwanangu, msimu ule baba aliponipa ekari moja ya pamba kwetu Bukombe. Mimi niliomba tatu, yeye alianzia nusu, tukakutana hapo. Sharti lilikuwa moja: pamba ikistawi, ningeendelea kulima mwenyewe, nikiwa binti ambaye hajaolewa; ikiharibika, shamba linakwenda kwa kaka yangu Masanja, ambaye tayari alishachagua pa kupanda mihogo.

Adui wa pamba ni nondo, hutaga mayai yanayotoa viwavi wa kutoboa vitumba, yale matunda machanga ya pamba. Mchana hulala. Wangu walilala kwenye uzio wa mabua ya mtama niliojenga kuzuia mbuzi. Kila asubuhi, umande ukiwa bado umewalegeza, nilipita nikiwabana kwa vidole, kuku wakinifuata kwa ushirikiano ambao sikuuona hata kwenye shamba la ujamaa. Siku ya kwanza, arobaini na mmoja. Nikarudia kuhesabu: arobaini na mmoja. Wiki ya tatu wakawa sita, kisha hakuna. Nikamwambia Masanja mihogo yake aitafutie kwingine.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwezi haukuisha, vitumba vikaanza kudondoka vikiwa na matundu.

Nikamkimbilia shangazi Kabula, dada yake baba, aliyelima pamba kabla sijazaliwa. Nilimweleza kwamba nondo niliwamaliza, labda hawa viwavi ni wa jirani. Akaenda kwenye uzio, akatikisa bua moja. Wakaruka nondo wanne, wa kahawia, wenye michirizi kama bua lenyewe.

"Mayu," akaniita kwa upole wa Kisukuma, yaani mama, "ulikuwa unawaua wa rangi gani?"

"Weupe, shangazi. Ndio waliokuwepo."

"Ndio uliowaona. Hukumaliza wezi, umemaliza wezi wajinga. Hawa wengine umewaachia nyumba."

Akanifafanulia kwamba hakuna nondo aliyejipaka rangi. Wachache walizaliwa hivyo, wakifanana na bua. Kuku wakawapita, nami nikawapita, wakataga, na watoto wakafuata sura ya wazazi.

Tukang'oa uzio wote, tukauchoma. Mbuzi wakafungwa kamba. Viwavi tukawaokota kitumba kwa kitumba. Masanja alipokuja kuangalia mihogo itakaa wapi, shangazi akamkabidhi kopo, naye akaokota hadi jioni, sura ameikunja. Robo tatu ya ekari ikapona. Baba akaipita mistari yote, akarudi akaipita tena, akasema tu, "Mwakani lima."

Basi, mwanangu, shida ikiacha kuonekana usikimbilie kujisifu. Jiulize kama imeisha, au imefanana na mahali ilipolala. Na usijidharau kwa kuwa hufanani na wenzako. Nondo wa kahawia walikuwa wachache, hakuna aliyewatia kwenye hesabu, na ndio waliobaki hai wakataga. Hicho kidogo ulichozaliwa nacho, ambacho leo hakina mnunuzi, usikitupe; soko hubadilika.

Mungu akupe jicho la kuona kilichonyamaza, na mwenye kukutikisia bua kabla hujachelewa. Vitumba vyako viwe vingi kuliko viwavi wako.