Mke Mwenza wa Kigiriki

Msusi yule hakuwahi kumfumania mumewe na mwanamke, lakini wivu ulimtafuna kana kwamba amewakuta chumbani. Aliyemwibia mume ni Kigiriki.

Mumewe, mchungaji wa kanisa dogo nyuma ya soko, alikuwa amerudi chuoni ukubwani kusoma Kigiriki, lugha ya kwanza ya Injili, mvi zimeshaanza kuchungulia. Kamusi yake nene ililala kitandani, upande wa mkewe. Akisimuliwa habari za saluni, aliitikia "mm" huku kidole kikifuata mstari. Siku moja alimwita mkewe kwa shangwe. Msusi akaacha chungu motoni, akaja mbio. Kumbe ni kitenzi amekielewa.

"Mimi hujawahi kunifurahia hivyo," mkewe akamwambia.

"Mke wangu, watu wananiamini. Nikiwafundisha nisichokijua, nimewadanganya."

"Mbona wenzako hawasomi na makanisa yao yanafurika?"

Mchungaji alishazama kitabuni. Hilo likamchoma zaidi.

Kisha dada yake msusi, mgonjwa wa presha, akaacha dawa. Mhubiri mgeni aliyepiga hema uwanjani alitangaza kuwa katika lugha ya kwanza ya Injili, neno "tabibu" maana yake ni mlaghai. Msusi alimbembeleza dada yake, akalia, wapi!

"Wewe unajua nywele, mdogo wangu. Yule anajua maandiko."

Mchungaji akaenda na mkewe, vitabu vyake kwapani. Alikaa na shemeji yake mchana kutwa, akimwonyesha neno lile herufi kwa herufi, kisha akamfunulia mahali ambapo Yesu alijifananisha na tabibu wa wagonjwa. Neno ni lilelile.

"Sasa, shemeji, Yesu alijiita mlaghai?"

Dada akaivuta pakiti ya dawa. "Nikimeza, nitapona?"

"Hilo sijui, sitakudanganya. Ninachojua ni kwamba yule alikudanganya."

Dada akaomba maji, akameza vidonge vyake.

Msusi alimshukuru Mungu kwa machozi. Lakini njiani kurudi nyumbani wivu ukampanda upya, mkali kuliko wa mwanzo. Dada kapewa mchana mzima, kaelezwa taratibu, kwa upole. Yeye, mke wa ndoa, hajafunuliwa hata ukurasa mmoja!

"Kesho usijifungie kanisani kuandaa mahubiri," akamwambia mumewe. "Njoo saluni unisomee mimi."

"Utachoka."

"Dada yangu alichoka?"

Basi akaja, akaketi kati ya wateja wenye vichwa nusu vimesukwa, akasoma mahubiri yake ya Jumapili kwa sauti ya kushindana na mashine ya kukaushia nywele.

"Hapo sijaelewa," msusi akamkatiza. "Rudia."

Akarudia.

"Bado."

Mchungaji akaisoma aya ile kimya, akakuna kichwa, akakiri kwamba hata yeye hapo hajaelewa. Akaikata yote kwa kalamu. Msusi akaendelea kusuka, akijikaza asitabasamu mbele ya wateja.