Kanista ya Hakimu

Dada yangu mkubwa ni fundi cherehani, na mtaani wanamwita Hakimu. Akichukua nguo kwa dobi, huhesabu vifungo palepale mlangoni. Akinunua sukari kilo moja, huipima tena nyumbani. Mimi ni fundi magari, kitinda mimba, na mgongo ulionibeba utotoni ni wake huyohuyo, lakini hilo halinipunguzii kesi. Kila kipuri ninachombadilishia gari lazima nimpe kile cha zamani. Hukifunga kwenye gazeti, huandika tarehe, na chini yake huandika “mdogo wangu.” Kisha hukisukuma uvunguni. Ushahidi, anasema.

Safari hii gari lake lilinuka petroli. Mama yetu, anayeishi na dada na kupelekwa naye kliniki kila wiki, alikuwa akifika huko ametapika. Nikaingia chini ya gari, nikakuta kanista imekufa. Ni kopo jeusi la plastiki karibu na tangi, lenye mkaa ndani wa kunasa mvuke wa petroli. Nikafunga mpya, yeye kanisimamia kama msimamizi wa mtihani.

“Hilo boksi mbona lina vumbi?”

“Dada, dukani kuna vumbi.”

“Haya. Tutaona.”

Mwezi na nusu baadaye, harufu ikarudi. Alikuja gereji asubuhi, mafundi wenzangu wote wapo, Mama kiti cha nyuma na leso puani.

“Umemfungia mama yako kitu kibovu,” akasema. “Mimi nimezoea kuibiwa na watu. Huyu je?”

Ya Hakimu ningeyameza. Kilichonikata maini ni Mama aliyeshusha kioo na kuniuliza taratibu, “Mwanangu, ni kweli?” Niliogopa. Mama ni mgonjwa, na nikaona anaweza kuondoka duniani akijua amezaa mwizi.

Nikazama chini ya gari. Nami ni damu yao, kushuku nakujua: nilidhani kuna fundi kaibadilisha. Lakini alama niliyoikwaruza kwa bisibisi siku ya kuifunga ilikuwepo. Kanista ni ileile.

“Tuzunguke kidogo, niisikie hiyo harufu,” nikasema.

“Kwanza nijaze mafuta,” akajibu.

Kituoni, pampu ilikata yenyewe. Mjazaji akataka kuchomoa mpira.

“Imejaa, mama. Imekata.”

“Imekata kwako, kwangu bado. Ongeza!”

Akaliegemea gari kwa nyonga, akalitikisa ili mafuta yashuke. Ikakata tena, akatikisa tena. Mara ya tatu petroli ilikuwa inachungulia shingoni mwa tangi.

“Dada, umeanza lini kujaza hivi?”

“Tangu nilipowashtukia. Wanaikatisha mapema, yanayobaki kwenye mpira wanamuuzia mwingine.”

“Na hayo yaliyozidi yanakwenda wapi?”

“Kwenye gari langu. Kwani wapi?”

Tukarudi gereji. Nikafungua kanista, nikaiinamisha juu ya beseni mbele yao wote wawili. Petroli ikamwagika, imechanganyika na chenga za mkaa. Nikawaeleza bila kupandisha sauti: kopo hili limeumbwa kunusa mvuke, wewe unalinywesha. Ukijaza kupita kiasi, ziada inakuja huku, mkaa unalowa, na harufu inamfuata Mama kiti cha nyuma.

Hakimu aliinama, akachovya kidole, akanusa. Nilijua ataniuliza kama petroli hiyo sikuimimina mwenyewe. Nilikuwa na hasira ya kumjibu, tena jibu nilishalipanga.

Hakuuliza. Alisubiri kopo liishe kuchuruzika, akadai gazeti, akalifunga vizuri kama kawaida yake.

“Hilo usiliweke uvunguni,” nikamwambia. “Litatuunguzia Mama.”

“Najua.”

Akatoa kalamu kwenye mkoba, akaandika tarehe. Akasita. Chini yake akaandika “mimi,” kisha akampelekea Mama dirishani asome.