Kosa Nililolitangaza Chepsaita

Mzee aliyenifundisha kazi ya stima alinichukua wakati mafundi wengine wa Eldoret walikuwa wananicheka. Nilikuwa nimetoka Kakamega na cheti cha chuo na mtoto mgongoni, na kila mahali nilipoulizia kazi niliambiwa mwanamke hawezi kupanda ngazi. Yeye aliniuliza swali moja tu.

"Unaogopa stima?"

"Naogopa, Mzee."

"Basi tutafanya kazi. Wasioogopa nimeshazika wawili."

Nilibeba vyombo vyake miaka sita. Nilipoanza kujitegemea, nikiwa nimehamia Yamumbi, yeye mwenyewe ndiye alinitumia wateja wa kwanza.

Kwa hivyo nilijua vizuri ninachofanya siku mama mmoja wa Chepsaita aliponipigia simu. Alikuwa mwalimu mstaafu, anafuga kuku wa mayai. "Taa za kuku zinanisumbua," alisema. "Fundi wangu anasema mashine imekufa, ninunue ingine. Kuja uangalie, lakini usimwambie." Fundi wake alikuwa Mzee. Ilifaa nimpigie simu kwanza. Sikumpigia. Nilitaka kujua kama sasa namshinda.

Mashine yenyewe ni kontrola, kisanduku cha plastiki kilichofungwa ukutani mlangoni mwa banda. Kazi yake ni kuwasha taa polepole alfajiri na kuzififisha jioni, ili kuku wapate mwanga wa kipimo kimoja kila siku. Lakini kwa wiki nzima taa zilikuwa zinapepesa na kuzima saa sita mchana. Kuku walikuwa wakishtuka na kurundikana kwenye kona, na walikuwa wameacha kutaga vizuri.

Nilisimama mbele ya kile kisanduku kama Mzee alivyonizoesha, mikono nyuma, nikiangalia tu. Kitaa chekundu kiliwaka mara tatu, kikatulia, kikawaka tena mara tatu. Ndani ya kifuniko kulikuwa na karatasi inayoeleza. Kikiwaka mara moja, stima ni kidogo. Mara mbili, kisanduku kimepata joto. Mara tatu, waya za signal, zile zinazopeleka amri ya kisanduku kwenye taa, zimegusana.

"Mwalimu, hii mashine ni nzima," nikasema. "Inalia kwa sababu kuna mahali inaumizwa."

Nilizima stima, nikachomoa laini ya kwanza ya taa, nikawasha. Nyekundu mara tatu. Laini ya pili, vilevile. Nilipochomoa ya tatu, kile kitaa kikawa kijani.

"Hii laini ya tatu imeguswa karibuni?"

"Fundi aliongeza taa mbili kule mwisho. Wiki iliyopita."

Nikabeba ngazi hadi mwisho wa banda. Chini ya mabati nikapata kiungio kimefungwa tepu. Laini ya signal ina waya mbili, ya kijivu na ya zambarau, ambazo hazifai kukutana popote. Nilipobandua ile tepu nikazikuta zimesokotwa pamoja, safi kabisa, mizunguko mitano ya kukaza, kama mimi mwenyewe nilivyofundishwa kusokota.

Nilikuwa bado juu ya ngazi Mzee alipoingia. Sijui nani alimwambia. Alipita kati ya kuku polepole, akakanyaga chombo cha maji kikapinduka, asisimame. Nilidhani amekasirika. Mwalimu alikuwa hapo, na wafanyakazi wake wawili.

"Umepata nini?" Mzee akauliza.

Ningeweza kushuka nimwambie kando. Ningeweza kusema unyevu, au panya. Badala yake niliinua ule waya juu ili wote waone.

"Nimepata kijivu na zambarau zimefungwa pamoja, Mzee. Hata mtu wa wiki moja kazini hawezi kufanya hivi. Na kisanduku kimekuwa kikisema siku zote. Mara tatu. Hukuhesabu?"

Mmoja wa wafanyakazi alicheka. Mzee aliinua uso kuelekea mkono wangu, akaukazia macho muda mrefu.

"Ni rangi gani hizo umesema?"

Nilidhani ananikejeli, nikamjibu kwa sauti ya kumfokea mtoto. "Kijivu. Na zambarau."

"Sawa," akasema. Akageuka akatoka, mkono mmoja ukipapasa wavu wa banda.

Niliunga waya upya, taa zikawaka sawasawa, nikapewa trei mbili za mayai juu ya malipo. Nilirudi Yamumbi nikijisikia fundi.

Baada ya majuma mawili nilikutana na mke wake sokoni. Hakunisalimia. Nilipomfuata aliniambia bila kusimama: Mzee ana presha ya macho. Jicho moja lilikuwa limekwisha, la pili linaona kama kupitia moshi. Alikuwa ameficha mwaka mzima, anaunga waya kwa kukumbuka, anauliza wateja mambo kwa ujanja. "Alikuwa anataka amalize kazi alizoahidi," mke wake akasema, "kisha akuachie wateja mbele ya watu, kwa heshima. Wewe ukachukua mwenyewe."

Nilienda kwake Jumapili hiyo. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango. Akanijua kwa sauti.

"Mzee, sikujua."

"Hukujua macho," akasema. "Lakini ulijua ni mimi."

Nilisimama mpaka mke wake akatoka, akamwingiza ndani na kufunga mlango, ndipo nikaondoka. Nimerudi mara nne tangu hapo, na mara zote naambiwa amelala.

Kazi ninayo sasa, kuliko wakati wowote. Wafugaji wa upande ule hunipigia wakisema wamesikia habari za yule mama aliyemuumbua fundi wa zamani. Wanasema hivyo kama sifa. Nawauliza banda liko wapi, nabeba ngazi, naenda.