Kilima cha Kutazamia Mwezi

Juzi, ndugu yangu, nilipanda basi kutoka Wembley nikaenda kukitazama tena kile kilima. Kilima jina tu. Unashuka kituoni, unaingia msituni, na kabla pumzi hazijakupanda umeshafika kileleni. Ukitazama huku mti, kule mti. Nilicheka peke yangu.

Mimi ndiye niliyekileta nyumbani. Mwalimu alituambia darasani kuwa ndicho kirefu kuliko vyote Middlesex. Kaunti yenyewe ilikuwa imeshafutwa, lakini yeye hakutaka kusikia. Nikamwambia Bibi, mama yake Baba. Alikuwa ametufuata London baada ya Mapinduzi. Kwao Unguja mtaa mzima ulikuwa hauli Sikukuu mpaka yeye aseme mwezi umeandama. Huku alikuwa hana kazi ila kumenya vitunguu na kunifinya. Basi kila tarehe ishirini na tisa ya Ramadhani tukawa tunakwenda, Baba, Bibi na mimi, yeye kavaa koti la Baba juu ya buibui, tende tatu kazifunga kwenye kitambaa. Siku ya kwanza alikitazama kilima akasema, "Lo! Hiki ndicho? Tumbo langu la mimba ya baba yako lilikishinda." Baba alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini usidhani alikuwa bibi wa kukupakata na kukusimulia hadithi. Nilipokuwa na miaka kumi na moja aliona makombo ya biskuti kwenye sweta langu la shule. Jioni, sebule imejaa wageni waliokuja kufuturu, kaimati zingali za moto, akaniita katikati. Akanifunua mdomo kama mbuzi wa mnadani, akaninusa. "Kobe huyu! Anakula mchana!" Akanipaka pilipili ya kuponda midomoni. Wageni wakacheka, na Mama akajifanya anapanga sambusa. Nilimchukia Bibi. Wallahi nilimchukia.

Siku mbili baadaye ikawa ishirini na tisa. Baridi ya Novemba, miti imepukutika majani, jua linazama saa kumi. Bibi akanishika bega. "Ule pale! Juu ya lile tawi lililovunjika. Umeandama, alhamdulillahi." Nikatazama. Ulikuwepo, mwembamba kama ukucha uliokatwa. Baba alikuwa kageukia kwingine, anapigapiga miguu kwa baridi. Alipogeuka, wingu lilikuwa limeshaufunika.

"Mama, wewe hata tundu la sindano hulioni," akasema.

"Karibu ndiyo sioni. Mbali naona. Muulize mtoto."

Midomo ilikuwa bado inaniwasha. "Mimi sijaona kitu," nikasema.

Kwenye basi Bibi aliniinamia, akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo sikupata kuisikia kwake. "Kweli, mjukuu wangu, hukuuona? Maana aliyeuona mwenyewe, kesho ni haramu kwake kufunga."

"Sikuuona, Bibi."

Kesho yake alifunga. Aliuona mwezi kwa macho yake, na bado akafunga siku ya Sikukuu kwa neno langu. Nilikaa mbele yake nikitazama midomo yake ilivyokauka, na nilifurahi, sikufichi. Magharibi mwezi ulikuwa juu, mnene, wa siku ya pili; basi jana uliandama kweli. Asiyejua miezi ni nani? Bibi aliutazama kwenye dirisha la jikoni muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Nilingoja kofi. Akarudi kwenye vitunguu vyake.

Hakupanda tena kilima. Kila mwaka Baba alimwambia, "Mama, twende," na yeye, hata kisu hakukiweka chini, alijibu, "Muulizeni mtoto. Mwenye macho ni yeye." Alisema hivyo mpaka mwaka aliokufa. Kama alijua nimemdanganya, au alikufa akiamini macho yamemsaliti, sijui mpaka leo, na sikuwa na ubavu wa kumuuliza.

Siku hizi tangazo la mwezi linaingia kwenye simu, wanangu wanalisoma wamelala kwenye sofa. Juzi ilikuwa ishirini na tisa. Nilisimama pale kileleni na macho yangu yenye ukungu. Daktari anasema ni mtoto wa jicho. Juu ya miti nikaona kitu chembamba, cheupe, au nilidhani nimeona. Nikageuka nimuulize mtu. Hapakuwa na mtu.